Raúl Allegre wa Torreón: miaka tisa ya kuitwa dakika za mwisho

Hii ni hotuba niliyoitoa kwa wazazi na vijana wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Texas. Nimeichapa karibu kama nilivyoongea, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wengine wote, habari za jioni. Asanteni kwa kunipa maiki. Vijana nawaona mmejazana huko nyuma, sogeeni mbele jamani viti vipo, maana leo naongea na nyie zaidi kuliko wazazi wenu, wao watusikilize tu.

Nimeombwa niongelee michezo kama kazi. Ningeweza kuchukua staa wa soka ambaye kila mtu ana jezi yake nyumbani, lakini nimemchagua mtu ambaye nadhani wengi humu ndani hamjawahi kumsikia, anaitwa Raúl Allegre, ni Mmexico, mzaliwa wa Torreón, alicheza NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, kuanzia 1983 mpaka 1991 na kazi yake ilikuwa moja tu, kupiga mpira kwa mguu upite katikati ya milingoti. Nimemchagua kwa sababu ya jambo ambalo mnalijua wenyewe: shule zikifunguliwa mwezi wa nane makocha wa futiboli ya Marekani wanazunguka kwenye mazoezi ya soka wanatafuta mtoto mwenye mguu mzito, na watoto wetu miguu wanayo, wamekua wanapiga mpira tangu hawajui kusoma. Halafu mtoto anarudi nyumbani anasema kocha ananitaka, baba anasema hapana, ule mchezo wa kuvunjana shingo sio wa watoto wangu, stori imeishia hapo. Mimi sijaja kumwambia mzazi yeyote afanye nini na mwanawe. Nimekuja kuwaambia ile kazi ikoje hasa, kupitia maisha ya mtu aliyeifanya vizuri na akafukuzwa pia, zaidi ya mara moja.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Kwenye futiboli ukipeleka mpira mpaka mwisho wa uwanja unapata pointi 6, halafu mpigaji anaingia anaongeza 1 kwa mguu. Mkikwama njiani mnaweza kumuita mpigaji ajaribu shuti la pointi 3. Mpira unarushwa nyuma kama yadi saba, kuna mtu amepiga goti anaudaka na kuusimamisha chini, mpigaji anakuja anapiga, na yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya sekunde moja na kidogo hivi, maana kuna majitu ya kilo 130 yanakuja kuuzuia mikono juu. Milingoti ina upana wa mita tano na nusu na ushee, mwamba wa chini uko mita tatu juu. Mechi inachukua masaa matatu na mpigaji anakaa pembeni karibu muda wote, anaipasha misuli kwenye wavu mdogo, anasubiri. Anaweza kuingia mara nne, anaweza kuingia mara moja tu ikiwa zimebaki sekunde sita na watu elfu sabini wanapiga kelele. Akifunga wanambeba yeye, akikosa jina lake linabaki kwenye midomo ya watu miaka thelathini. Yaani ni kibarua kabisa, kama wale wa kusimama asubuhi pale getini wanasubiri kuona leo nani ataitwa, na jioni hamna anayekuahidi kesho.

Sasa watu wa soka waliingiaje humo? Zamani wapigaji walikuwa Wamarekani wanaopiga kwa ncha ya kidole, wanakuja moja kwa moja, puu. Mwaka 1964 akaja Pete Gogolak, mtoto wa Hungary ambaye familia yake ilikimbia nchi baada ya mapinduzi ya 1956, akasajiliwa na Buffalo Bills, yeye akawa anauendea mpira kwa pembeni na kuupiga kwa mgongo wa mguu kama tunavyopiga sisi frikiki. Watu walimshangaa sana mwanzoni. Baada ya miaka kama ishirini karibu kila timu ilikuwa na mtu anayepiga hivyo, na mlango ukafunguka kwa watu wa soka kutoka kila kona, na Wamexico wengi wakaupita.

Efrén Herrera wa Guadalajara alihamia California akiwa kijana, akasoma chuo cha UCLA, akaingia Dallas Cowboys, na mwanzoni mwa 1978 akabeba Super Bowl, ile fainali ya NFL, hapa hapa kwa timu yetu. Kuna ukoo wa Zendejas, hao ni balaa, wametoka kijiji cha Curimeo kule Michoacán wakakulia Chino, California, ndugu na mabinamu, na kati yao Luis, Max na Tony wote walipiga NFL. Tony msimu wa 1991 akiwa na Los Angeles Rams alijaribu mashuti 17 akafunga yote 17. Hakukosa hata moja msimu mzima. Watu wanawataja sana makotabeki, wale wanaorusha pasi, wa miaka ile ila hii rekodi ya Tony mimi naiweka juu kabisa, maana najua presha ya lile shuti la kumi na saba unapokuwa hujakosa hata moja.

Haya tuje kwa Allegre.

Torreón ipo kaskazini mwa Mexico, jimbo la Coahuila, ukanda wa La Laguna, sehemu kavu yenye joto kali ambayo pamba ndo iliyoujenga mji. Raúl alizaliwa 1959. Amekua na soka kama watoto wote wa pale. Alipokuwa sekondari akaenda Marekani kama mwanafunzi wa kubadilishana, na hakupelekwa Texas wala California ambako Wamexico wamejaa, alipelekwa Shelton, mji mdogo wa wakata mbao kule jimbo la Washington, mvua tupu na misitu. Hebu fikirieni wenyewe, mmewahi kufika mahali ambako hamna anayeongea lugha yenu, mmeshalala siku hizo za kwanza, mnajua. Kule ndiko alikoanza kupiga huu mpira wa mviringo wa yai. Hakuja Marekani kutafuta NFL. Alikuja kusoma, mguu ukaonekana.

Kutoka hapo akaenda Chuo Kikuu cha Montana, huko Missoula, baridi tena, halafu akahamia Chuo Kikuu cha Texas pale Austin. Mwanzoni mwa 1982 Texas waliifunga Alabama 14 kwa 12 kwenye Cotton Bowl, mechi kubwa ya vyuo, hapa Dallas, Alabama ya kocha Bear Bryant mwenyewe, hiyo ndo aina ya timu aliyokuwa anapigia. Lakini sikilizeni vizuri hapa, kule Austin alikuwa anasomea uhandisi wa ujenzi. Sio kozi ya kupitisha muda ili acheze mpira, ni uhandisi, mahesabu, madaraja, saruji, vitu ambavyo ukifeli unarudia somo zima. Na alimaliza. Nitalirudia hili baadaye kwa sababu bila hilo stori yake ningeisimulia kwa woga zaidi.

Mwaka 1983 drafti ya NFL, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, ilikuwa na raundi 12, timu zikachagua majina zaidi ya mia tatu, jina lake halikutajwa. Cowboys wakamwita kambini hivi hivi bila kuchaguliwa, aje tu wamuone. Kambini akakuta nafasi ina mwenyewe, Rafael Septién, naye Mmexico, na kwa kawaida timu haikai na wapigaji wawili. Hapo ndo wengi wanapofungasha. Ila Baltimore Colts walikuwa wanatafuta mpigaji, Cowboys wakamtoa kwao kwa kubadilishana na chaguo la raundi za mwisho za drafti ijayo, ambalo kwa lugha ya biashara ni karibu na bure.

Na huyu wa karibu na bure msimu wake wa kwanza alijaribu 35 akafunga 30. Thelathini! Kwenye timu ambayo ilikuwa inashinda kwa tabu, msimu uliotangulia haikushinda hata mechi moja. Colts walimaliza 1983 na ushindi mara 7, na sehemu kubwa ya pointi zao zilitoka kwenye mguu wa kijana wa Torreón.

Msimu huo huo wa 1983 kulikuwa na mpigaji mwingine mgeni kwenye ligi, anaitwa Ali Haji-Sheikh, yuko New York Giants, yeye akafunga mashuti 35, rekodi ya ligi nzima kwa wakati ule. Kwa hiyo fikirieni vijana wawili, mwaka mmoja, wote wapya, wote wanawaka moto. Lishikeni jina la Haji-Sheikh.

Machi 1984 likatokea jambo ambalo watu wa Baltimore mpaka leo linawauma. Mwenye timu alikuwa anagombana na mji kuhusu uwanja, bunge la jimbo likawa linaelekea kupitisha sheria ya kuichukua timu kwa nguvu, basi usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 yakaja malori ya kampuni ya Mayflower, wakapakia kila kitu, jezi, helmeti, meza za ofisini, theluji inaanguka, asubuhi timu haipo, imehamia Indianapolis. Wachezaji wengi walisikia kwenye redio kama raia wengine. Allegre amefanya kazi mwaka mmoja tu, mwajiri kahama usiku. Akaenda nao. Lakini kule Indianapolis akaanza kugawana nafasi na mpigaji mwingine, Dean Biasucci, na msimu wa 1986 ulipoanza nafasi ikawa ya Biasucci, kibarua cha Allegre kikaota nyasi. Miaka mitatu tangu afunge 30 kati ya 35.

Naomba tukae hapa kidogo maana hapa pana uzito. Kwenye soka mchezaji akishuka kiwango anakaa benchi, anaingia dakika ya 70, anapewa muda wa kurudi. Mpigaji wa NFL hana benchi. Kwa kawaida ni mmoja tu. Ukikosa mawili matatu muhimu, jumanne asubuhi wanaita wapigaji wanne watano wasio na kazi, wanawapanga mstari uwanjani, wanawapigisha, jioni mmoja kapewa shati lako. Na hao wanne watano juzi tu walikuwa na timu zao, wametemwa hivyo hivyo, kwa hiyo mnafahamiana, mnasalimiana, mnaulizana habari za watoto, halafu mnapigania sahani moja. Mimi nimefuatilia maisha ya hawa watu miaka mingi na kitu kinachonigusa kuliko yote ni kwamba hamna adui pale, kuna nafasi moja tu na watu wazuri wengi.

Sasa New York. Haji-Sheikh yule wa rekodi aliumia 1985, na Giants wakaingia kwenye mateso ya kubadilisha wapigaji, huyu anakuja huyu anatoka, mpaka 1986 msimu umeshaanza bado hawajampata mtu. Timu yenyewe ilikuwa kali mno, kocha Bill Parcells, kotabeki Phil Simms, kwenye ulinzi yupo Lawrence Taylor, lakini hamna wa kupiga. Wakamwita Allegre, wiki chache ndani ya msimu.

Tarehe 16 Novemba 1986 Giants wako Minnesota, wako nyuma pointi moja, dakika ya mwisho, Simms amebakiwa na jaribio moja na anahitaji yadi 17, akishindwa mpira unaenda kwa wapinzani. Akamrushia Bobby Johnson pembeni ya mstari, akaudaka, timu ikawa hai. Ile pasi watu wa New York wanaisimulia mpaka leo. Ila pasi haikuleta pointi, ilileta nafasi tu, pointi zililetwa na Allegre, yadi 33, zimebaki sekunde 12, Giants 22 Vikings 20. Na siku hiyo alifunga mashuti matano. Pointi 15 kati ya 22 ni za mguu mmoja! Wiki iliyofuata dhidi ya Denver tena hivyo hivyo, akafunga manne, la mwisho zikiwa zimebaki sekunde 6, wakashinda 19 kwa 16. Wiki mbili mfululizo, mtu ambaye mwezi wa tisa hakuwa na kazi.

Wakamaliza msimu wamepoteza mechi mbili tu. Nusu fainali ile ya ligi, Januari 1987, walicheza nyumbani na Washington na upepo ulikuwa wa kutisha, makaratasi yanaruka uwanja mzima kama kuna sherehe. Parcells akashinda kurusha shilingi, na kawaida mtu akishinda anachagua kupokea mpira, yeye akachagua upepo. Wapeni mpira wao, mimi nipeni upepo mgongoni. Robo ya kwanza upepo ukiwa nyuma yake Allegre akapiga la yadi 47, kama mita 43, likapita. Washington wakielekea upande wao mpira hauendi, ukipigwa juu unasimama hewani. Ikaisha 17 kwa 0.

Super Bowl ilikuwa tarehe 25 Januari 1987, uwanja wa Rose Bowl pale Pasadena, watu zaidi ya laki moja, na wapinzani ni Denver wale wale. Mpigaji wa Denver alikuwa Rich Karlis, anapiga peku, bila kiatu, hata kwenye theluji. Karlis akaanza kwa kufunga la yadi 48, ikawa ameifikia rekodi ya Super Bowl kwa umbali. Halafu mtu huyo huyo aliyefunga 48 akakosa la yadi 23, umbali ambao anaweza kupiga amefumba macho mazoezini, na baadaye akakosa lingine la 34. Mapumziko Denver wanaongoza 10 kwa 9 wakati wangeweza kuwa mbali. Kipindi cha pili Giants wakawafanyia ujanja, wakajifanya wanapiga mpira kuutoa kumbe wanaendelea nao, wakafika mpaka kwenye tachidauni, zile pointi 6, ya Mark Bavaro, na mara iliyofuata kupata mpira Allegre akafunga la yadi 21, ikawa 19 kwa 10, mlango ukafunguka wakamaliza 39 kwa 20. Simms alikamilisha pasi 22 kati ya 25, akawa mchezaji bora, na ni haki yake. Allegre naye akapata pete ya ubingwa.

Wengine mtaniuliza, mbona shuti lenyewe ni dogo, yadi 21? Muulizeni Karlis kuhusu dogo.

Baada ya hapo ikaja miaka ya misuli. Huu mguu unaotegemewa ndo huo huo unaoumia, kinena, paja, unapona unarudi unaumia tena, na kila ukiumia kuna mtu anaitwa. Msimu wa 1990 ulikuwa mchungu zaidi. Aliumia mapema kabisa, Giants wakamleta Matt Bahr. Na huyu Bahr naye ni mtu wa soka aliyecheza soka ya kulipwa kabla ya NFL, baba yake Walter Bahr ndiye aliyepiga ule mpira uliozaa bao la Marekani kuifunga England 1 kwa 0 kwenye Kombe la Dunia 1950 kule Brazil. Mnaona jinsi hii michezo miwili ilivyoshikana. Bahr akaenda San Francisco kwenye nusu fainali akafunga mashuti matano, Giants wakashinda 15 kwa 13, pointi zote za mguu. Kwenye Super Bowl ya Januari 1991 akafunga lililowaweka mbele 20 kwa 19, kisha sekunde za mwisho Scott Norwood wa Buffalo akapiga la yadi 47 likapita kulia kwa mlingoti. Umbali ule ule ambao Allegre aliufunga na upepo mgongoni miaka minne nyuma. Norwood mpaka leo anajulikana kwa shuti moja lile.

Allegre alikuwa kwenye orodha ya majeruhi. Alipata pete ya pili, ni mchezaji wa Giants, ni stahiki yake, lakini aliangalia mtu mwingine akifanya kazi yake kwenye siku kubwa kuliko zote. Sijui nani kati yetu angeweza kulibeba hilo bila chuki. Nawaambia ukweli, ushindi wa mwenzako aliyekaa kwenye kiti chako ni mtihani mgumu kuliko kufungwa.

Msimu uliofuata, 1991, Giants wakamuacha. Ana miaka 32. Ungedhani imeisha.

Disemba 1991. Timu nyingine ya New York, Jets, mpigaji wao ni Pat Leahy, mzee wa miaka 40 ambaye amepiga pale tangu 1974, na mgongo na mguu vikagoma kabisa. Imebaki mechi ya mwisho ya msimu, ugenini Miami, tarehe 22, na hesabu ni nyepesi, anayeshinda anaingia mtoano, anayefungwa anaenda nyumbani. Jets wakampigia simu Allegre. Hajawahi kupiga mpira uliosimamishwa na hawa jamaa, wamefanya naye mazoezi siku chache tu, kila kitu kigeni isipokuwa milingoti. Miami wakaongoza mwishoni 20 kwa 17. Jets wakakimbia na mpira, muda unaisha, Allegre akaingia, yadi 44, shuti la mwisho kabisa la dakika za kawaida. Likapita. 20 kwa 20. Muda wa nyongeza, wa kufunga kwanza ndo mshindi, wakamuita tena, yadi 30, likapita. Jets 23, Miami 20, wakaingia mtoano.

Jamani mimi hiyo mechi nikiiongelea mwili unasisimka. Alikuwa hana timu! Wiki moja kabla alikuwa raia.

Wiki iliyofuata Jets walitolewa na Houston 17 kwa 10, na hapo ndo ikawa mwisho wa Allegre kama mchezaji. Bila mechi ya kuagwa wala jezi kutundikwa ukutani. Ila shahada ya uhandisi ilikuwepo mezani muda wote, na naamini kabisa mtu aliyejua hana njaa akifukuzwa ndiye anayeweza kupiga la yadi 44 huku amekuja juzi.

Kilichofuata ni kwamba aliingia kwenye utangazaji wa NFL kwa Kihispania. Miaka mingi alikaa kituo cha michezo cha ESPN na Álvaro Martín wa Puerto Rico wakitangaza mechi za jumatatu usiku, Martín anatangaza, Allegre anachambua, na kwa nyumba nyingi za Mexico na Amerika ya Kusini hao wawili ndo walikuwa NFL yenyewe. Mnajua Mexico wanavyoipenda futiboli, vyuo vyao vinacheza tangu zamani, mechi ya Pumas wa UNAM na wale wa Politécnico ni habari ya mji mzima. Mwaka 1994 Cowboys walienda kucheza na Houston pale uwanja wa Azteca, Mexico City, mechi ya kirafiki tu, wakaingia watu 112,376. Mechi ya kirafiki! Mashabiki wale walihitaji mtu wa kuwaelezea mchezo kwa lugha ya mama zao, mtu aliyevaa helmeti kweli, na yeye alikuwepo. Binafsi naona kazi hii ya pili imewafikia watu wengi kuliko mashuti yote aliyofunga.

Na Wamexico hawajabaki kwenye mguu tu. Rolando Cantú wa Monterrey aliingia Arizona Cardinals kama mlinzi wa mstari wa mbele, akacheza msimu wa 2005, ametokea kwenye mfumo wa vyuo vya Mexico moja kwa moja. Isaac Alarcón naye wa Monterrey, wa Borregos, timu ya chuo cha Tec, jitu refu kweli, alikuja hapa kwetu Cowboys 2020 kupitia mpango wa NFL wa kuleta wachezaji kutoka nje, baadaye akaenda San Francisco. Kwa hiyo mlango umepanuka.

Kulikuwa na maswali, naandika mawili niliyoulizwa na wakinamama.

Mama mmoja aliuliza, je mpigaji haumii kichwa kama wengine? Nikamjibu shikamoo mama, anaumia mara chache sana kuliko wengine kwa sababu hagongwi kila mchezo, na sheria zinamlinda, ukimgonga wakati anapiga ni faulo kubwa. Lakini sio kwamba haiwezekani. Akipiga mpira wa kuanzia na mtu akaukimbiza kurudi nao, mpigaji anaweza kulazimika kumzuia mtu anayekuja kasi, hapo ndo pa kuangalia. Nenda kaongee na kocha, muulize mpigaji wake anafundishwa afanye nini ikitokea hivyo. Kocha mzuri atakuwa na jibu.

Mwingine akauliza, mwanangu anapenda soka, akienda kupiga huko si ataacha soka? Hapana dada yangu. Hapa Texas futiboli ya shule inachezwa kuanzia mwezi wa nane, na soka ya shule inaanza Januari mpaka karibu Aprili, hazigongani, watoto wengi wanacheza zote mbili na mguu ni ule ule. Cha kuangalia ni ripoti yake ya shule, maana tangu 1984 jimbo hili lina sheria kwamba mtoto akifeli somo hachezi, iwe soka iwe futiboli, na kocha hawezi kumuombea. Kama anayo sasa hivi Algebra inayomsumbua, basi tuonane hapa jumamosi saa nne asubuhi, tuna vijana wa chuo wanafundisha bure, waje na madaftari.